Nani Aliwafundisha? Uzito wa Mimba na Akina Mama Weusi wa Kipato cha Chini Marekani

Katika maandishi ya afya ya uzazi nchini Marekani kuna dai linalojirudia kwa sura nyingi: kwamba akina mama Weusi wa kipato cha chini hawaelewi hatari ya kuongezeka uzito kupita kiasi wakati wa ujauzito, na kwa hiyo wanahitaji kuelimishwa. Ushahidi unaotolewa ni maneno yao wenyewe. Watafiti waliokaa na akina mama hao katika miji kama Philadelphia wamewasikia wakisema kwamba mama asiponenepa mtoto hatakua, kwamba mtoto mzito ndiye mwenye afya, kwamba mwili wa mjamzito unajua unachotaka na haufai kubishiwa, na kwamba mama mzazi, mashangazi na mabibi hawatulii mpaka wamwone mjamzito amemaliza sahani. Maneno hayo huchukuliwa kuwa ni utamaduni, na utamaduni huchukuliwa kuwa ni kikwazo.

Naona uchambuzi huo umeanzia mwisho. Imani kwamba kilo nyingi za mimba humlinda mtoto haikuzuka jikoni kwa bibi. Kwa takriban miaka ishirini ilikuwa ushauri rasmi wa wataalamu wakubwa wa nchi hiyo, tena ukiwataja wanawake Weusi waziwazi. Ilitiwa nguvu na mpango wa serikali wa chakula. Na chini yake kulikuwa na kumbukumbu ya njaa na ya watoto waliozaliwa wadogo mno wakafa. Wanaolaumiwa leo kwa kutoelewa wameshika walichofundishwa. Kilichobadilika ni somo, na waliolibadilisha hawakujishughulisha sana kurudi kwa wanafunzi wao na kuwaeleza sababu.

Viwango vyenyewe vina historia. Hadi katikati ya karne ya 20 madaktari wengi wa Marekani walimzuia mjamzito asiongezeke zaidi ya kilo 7 hadi 9, wakiogopa kifafa cha mimba na uchungu mgumu wa kumzaa mtoto mkubwa. Mwaka 1970 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti ilisema kizuizi hicho hakina msingi, ikapendekeza wastani wa takriban kilo 11. Kisha mwaka 1990 Taasisi ya Tiba, chombo ambacho ushauri wake ulifuatwa na hospitali, vyuo na mipango ya serikali, ikatoa jedwali lililompanga mwanamke kulingana na uwiano wa uzito na urefu aliokuwa nao kabla ya kushika mimba. Mwembamba aliambiwa aongeze kilo 12.5 hadi 18, mwenye uzito wa kawaida kilo 11.5 hadi 16, aliyezidi kidogo kilo 7 hadi 11.5. Kwa mwenye unene uliopitiliza jedwali lilisema angalau takriban kilo 7, bila kutaja ukomo wa juu. Pamoja na hayo kulikuwa na agizo la nyongeza: wasichana wadogo na wanawake Weusi walenge ncha ya juu ya kiwango chao. Sababu iliyotolewa ni kwamba mama Mweusi na mama Mzungu wakiongezeka kilo zile zile, mtoto wa mama Mweusi huelekea kuzaliwa akiwa mdogo zaidi; basi mama huyo aongeze zaidi ili kufidia.

Agizo hilo lilidumu hadi 2009. Mwaka huo kamati mpya ya taasisi ile ile, ikiongozwa na Kathleen Rasmussen wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilipitia ushahidi upya katika nchi ambayo watu wake walikuwa wamenenepa sana tangu 1990. Iliweka kiwango cha kilo 5 hadi 9 kwa wenye unene uliopitiliza, na ikaondoa ushauri wa pekee kwa wanawake Weusi kwa sababu hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuutetea.

Mchukulie mwanamke wa kufikirika mwenye urefu wa mita 1.63 na uzito wa kilo 84, ambaye kwa vipimo vyote viwili, vya 1990 na vya 2009, anaangukia kundi la unene uliopitiliza. Akishika mimba mwaka 1995 akaongezeka kilo 14, jedwali halina neno la kumkaripia. Na kama ni Mweusi, mwongozo umemwelekeza juu, si chini. Binti yake mwenye mwili kama huo akishika mimba mwaka 2012 na kuongezeka kilo zile zile 14, faili lake litaandikwa kwamba amezidi kiwango kwa kilo 5, na huenda akapewa kipeperushi cha lishe. Yule mama wa 1995 ndiye anayepika chakula cha binti huyu. Ana kila sababu ya kushangaa: alifanya alivyoambiwa, mtoto alizaliwa salama, na leo mtoto huyo ndiye anayeambiwa kwamba mama yake alikosea.

Lakini mwongozo wa 1990 haukuingia katika vichwa vitupu. Wale madaktari wa kabla ya 1970 waliokuwa wakiwapunja wajawazito chakula hawakuwahi kuwa na sauti kubwa kwa wanawake Weusi maskini wa majimbo ya kusini mwa Marekani, kwa sababu wengi wao hawakuzalishwa na daktari hata kidogo. Walizalishwa na wakunga wa jadi, wanawake Weusi waliorithi kazi hiyo na baadaye wakapewa leseni na idara za afya za majimbo. Alabama iliondoa leseni hizo mwaka 1976. Hofu ya mazingira yale haikuwa unene. Ilikuwa mama aliyechoka shambani, mwenye damu pungufu, anayezaa kitoto kisicho na nguvu ya kunyonya.

Katika Delta ya Mississippi, eneo la mashamba ya pamba kusini mwa nchi, miaka ya 1960, mashine za kuvuna pamba na dawa za kuua magugu zilikuwa zimewaondolea maelfu ya familia kibarua, na njaa ilikuwa ya wazi kiasi kwamba Seneta Robert Kennedy alipozuru huko mwaka 1967 habari zake zilitikisa Washington. Katika mji mdogo wa Mound Bayou, daktari Jack Geiger na wenzake walifungua kituo cha afya cha jamii, na walichokuta kwa watoto na wajawazito kilikuwa utapiamlo uliojificha nyuma ya magonjwa mengine. Basi wakaanza kuandika chakula kwenye cheti cha dawa: maziwa, nyama, mboga, kwa familia ya watu kadhaa. Maduka ya jirani yalitoa bidhaa na kupeleka bili kwenye kituo, kituo kikalipa kutoka fungu la famasia. Maofisa waliotoa fedha walipolalamika kwamba fungu lile ni la dawa, Geiger alijibu kwamba kwa kadiri anavyojua tiba ya utapiamlo ni chakula. Wajawazito waliopewa vyeti vile, au binti zao, ndio mabibi wa leo ambao huonwa kuwa wanalazimisha watu kula.

Wazo hilo la kutibu kwa chakula liliingia pia katika sheria. Mwaka 1972 Bunge la Marekani, kwa hoja ya Seneta Hubert Humphrey, liliidhinisha majaribio ya mpango wa chakula cha nyongeza kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo, unaojulikana kwa herufi zake tatu, WIC. Mwaka 1975 ukawa wa kudumu. Ni mpango mzuri, na sina nia ya kuudharau. Kwa mama wa kipato cha chini ndio mlango ambao mazungumzo ya uzito hupitia. Anapokwenda kujiandikisha hupimwa urefu na uzito, hutobolewa kidole kuangalia wingi wa damu, na huulizwa anakula nini, kwa kuwa sheria inataka awe na kipato kidogo na pia awe na hatari fulani ya lishe. Kuongezeka kilo chache mno ni hatari inayohesabiwa. Kuongezeka kupita kiasi nako kunahesabiwa.

Na kapu lenyewe la chakula cha WIC? Kabla ya mageuzi yaliyotekelezwa kufikia 2009, mjamzito alistahili kwa mwezi maziwa yanayokaribia lita 26, mayai dazeni 2 au 2 na nusu, nafaka za kifungua kinywa, maharage makavu au siagi ya karanga, na juisi ya matunda ya takriban lita 8.5. Matunda yenyewe na mboga havikuwamo. Yatazame hayo kwa macho ya mama anayesukuma toroli dukani: karatasi ya serikali, iliyotolewa na ofisi yenye mizani na mtu wa lishe, inamwambia kwamba mimba inahitaji zaidi ya robo lita ya juisi kila siku, na juisi ina sukari inayokaribiana na ya soda. Mwaka 2009 juisi ilipunguzwa nusu, mayai yakawa dazeni moja, maziwa yakashuka na kutakiwa yawe yenye mafuta kidogo, na ikaongezwa hela kidogo ya matunda na mboga. Kanuni mpya ya 2024 imeipunguza juisi tena, hadi chini ya lita 2. Mabadiliko yote hayo naona ni sahihi. Ninachosema ni kwamba aliyepewa lita 8.5 na ofisi hiyo hiyo hawezi kuambiwa kwamba mapenzi yake kwa juisi ni tatizo la utamaduni.

Hofu inayoibeba imani hii nayo bado ina msingi. Nchini Marekani kati ya asilimia 14 na 15 ya watoto Weusi huzaliwa na uzito pungufu, yaani chini ya kilo 2.5, ikilinganishwa na takriban asilimia 7 ya watoto wa Kizungu. Mwaka 2022 kati ya kila watoto Weusi 1,000 waliozaliwa hai, takriban 11 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Kwa Wazungu walikuwa 4.5. Familia nyingi za mitaa ya Weusi hazihitaji takwimu kulijua hilo: yuko binamu aliyekaa na mtoto njiti hospitalini kwa miezi, yuko jirani aliyezika. Kwao mtoto mdogo ni kifo wanachokifahamu kwa sura. Mtoto mkubwa anayeweza kuleta upasuaji, na kilo zinazobaki kiunoni baada ya kuzaa, ni hatari za mbali, nyingine za miaka ishirini ijayo.

Ukitaka kuona kwamba watu hula kwa kufuata kifo wanachokijua, watazame waliokua katika hofu iliyo kinyume. Utafiti wa Birgitta Essén na wenzake uliochapishwa mwaka 2000 ulisikiliza wanawake wa Kisomali waliohamia Sweden, nao wakaeleza kwamba walipunguza chakula makusudi walipokuwa wajawazito ili mtoto awe mdogo na uzazi uwe mwepesi, kwa sababu waliogopa upasuaji ambao katika uzoefu wao ulifuatana na kifo. Msomaji wa Tanzania au Kenya hatashangaa. Nasi tunao wazee wanaomwonya mjamzito asile mayai au asishibe sana mwezi wa mwisho, mtoto asije akamshinda kumsukuma. Na pale ambapo hospitali iko mbali na barabara ni mbovu, onyo hilo lina mantiki yake hata kama lishe yake ni mbaya. Wanawake wa Afrika Mashariki wanaokula kidogo na wanawake Weusi wa Philadelphia wanaokula sana wanafanya kitu kimoja. Kila mmoja anamkinga mtoto, au anajikinga mwenyewe, dhidi ya janga lililoikumba familia yake. Anayewaita wa kwanza wenye miiko na wa pili wenye tabia ya unene hajawasikiliza wote wawili.

Hoja yangu isieleweke kwamba kilo hazina madhara. Zinayo. Mama anayeongezeka kupita kiwango ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa mtoto mkubwa kupita kiasi, kujifungua kwa upasuaji, na kubaki na uzito ule baada ya kuzaa, na wanawake Weusi hubaki nao zaidi kuliko Wazungu. Mimba ya pili huanzia pale ya kwanza ilipoachia. Katika vipimo vya kitaifa vya 2017 hadi 2018, karibu asilimia 57 ya wanawake Weusi watu wazima nchini Marekani walikuwa na unene uliopitiliza. Shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo yanayofuatana na hali hiyo yamo katika orodha ya mambo yanayoua wazazi, na vifo vya wazazi Weusi ni aibu ya nchi tajiri: mwaka 2023 vilikuwa 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, dhidi ya 14.5 kwa Wazungu. Bibi anayesema kilo hazina tatizo amekosea, na mjukuu wake anastahili kuambiwa hivyo bila kuzungushwa.

Ila aambiwe na jambo la pili ambalo tiba yenyewe ilichelewa kulikubali. Ule mwongozo wa 1990 uliochukulia kwamba mtoto mdogo wa mama Mweusi atafidiwa kwa sahani kubwa zaidi ulikuwa unajibu kwa chakula swali ambalo kwa sehemu kubwa halikuwa la chakula. Mwaka 1997 madaktari Richard David na James Collins walichapisha uchunguzi wa vyeti vya kuzaliwa vya jimbo la Illinois ambao kwa maoni yangu kila Mwafrika anayeishi Marekani angepaswa kuujua. Waligawa akina mama katika makundi matatu. Watoto wa wanawake Wazungu waliozaliwa Marekani walikuwa na wastani wa gramu 3,446. Watoto wa wanawake Weusi waliozaliwa Afrika walikuwa na gramu 3,333. Watoto wa wanawake Weusi waliozaliwa Marekani walikuwa na gramu 3,089. Mama aliyetoka Afrika, mwenye rangi ile ile na mara nyingi asili ile ile ya mababu, alizaa mtoto aliyemkaribia zaidi wa Mzungu kuliko wa Mmarekani Mweusi. Na watafiti hao walipofuatilia kizazi kilichofuata, faida hiyo ilikuwa imepungua kwa mabinti wa wahamiaji waliokulia Marekani. Tofauti hiyo haiwezi kuwa ya damu, wala haielezwi na ukubwa wa sahani. Mtaalamu wa afya ya jamii Arline Geronimus amekuwa akieleza tangu 1992 kwamba mwili wa mwanamke Mweusi wa Marekani huchakaa mapema kwa kubeba ubaguzi, dhiki na kazi zisizopumzika, kiasi kwamba umri wa kuzaa ambao kwa Mzungu ni bora, kwake huanza kuwa na hatari.

Ukiyaweka haya pamoja, unaona kilichotokea. Taasisi iliona watoto wadogo, ikashindwa kugusa kilichowafanya wadogo, ikageukia kitu pekee ambacho kliniki ingeweza kukigusa, yaani mdomo wa mama. Mama akaitikia. Pengo la uzito wa watoto halikuzibika. Baada ya miaka ishirini agizo lile likaondolewa kimyakimya, na mama akabaki na kilo, na lawama juu yake.

Kuna maelezo mengine yanayopendwa sana, kwamba Wamarekani Weusi hupenda miili minene na ndiyo maana hawajali. Sitakaa sana hapo. Ni kweli kwamba jamii hiyo haimdharau mwanamke mwenye mwili kama inavyofanya jamii ya Kizungu, na kwa maoni yangu huo ni uungwana wake, lakini kupenda umbo ni jambo moja na kutaka kilo 25 za mimba ni jambo jingine. Akina mama wenyewe hulalamika kuhusu miguu kuvimba, mgongo na nguo zisizowaingia tena. Tena karibu nusu ya wanawake wote wa Marekani, Wazungu wakiwemo, huongezeka kupita kiwango cha mimba. Kwa Mzungu wa tabaka la kati jambo hilo huitwa changamoto ya maisha ya kisasa. Kwa Mweusi maskini huitwa mtazamo.

Zaidi ya hapo, wapo wengi upande wa pili wa jedwali. Wanawake Weusi huongezeka chini ya kiwango mara nyingi zaidi kuliko Wazungu, pengine kwa sababu ya kutapika kusikotibiwa, msongo wa mawazo, au mwisho wa mwezi usio na chakula. Kampeni inayotangaza mtaani kwamba wajawazito wapunguze kula itawafikia na hao. Katika nyumba moja dada mnene na dada mwembamba watasikia tangazo moja, na yule ambaye halikumhusu ndiye anayeweza kulitii.

Mahali ambapo ushauri ungepaswa kutofautisha dada hawa ni chumba cha daktari, na huko ndiko kwenye udhaifu mkubwa. Karibu theluthi mbili ya uzazi wa wanawake Weusi nchini Marekani hulipiwa na Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini, na kliniki nyingi zinazoitegemea hujaa watu na huenda mbio. Mama hupandishwa kwenye mizani na msaidizi kwenye ukumbi, namba huandikwa, shinikizo la damu hupimwa, mkojo huangaliwa, kisha daktari, ambaye huenda si yule wa mara iliyopita, husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuuliza kama kuna swali. Kwa wengi uzito hutajwa ukishakuwa tatizo tu, na hutajwa kama kosa. Hata katika utafiti uliochapishwa 1999, ambao wengi wa wanawake wake walikuwa Wazungu wa tabaka la kati, asilimia 27 walisema hawakupewa ushauri wowote kuhusu kilo za kuongeza; na miongoni mwa waliopewa, si wachache walitajiwa kiwango kisicho sahihi. Ukimya wa daktari haubaki tupu. Hujazwa na mama mzazi, na dada, na simu.

Ipo pia sababu ya kutomwamini daktari anapozungumza. Nchi iliyowaacha wanaume Weusi wa Tuskegee, Alabama, bila tiba ya kaswende kuanzia 1932 hadi 1972 ili kuwachunguza, na ambayo taaluma yake ya magonjwa ya wanawake ilipata umaarufu kwa upasuaji ambao daktari J. Marion Sims aliwafanyia wanawake watumwa bila ganzi huko Montgomery, Alabama, miaka ya 1840, haiwezi kutegemea kwamba kila agizo litapokewa kwa mikono miwili. Agizo linalobadilika kila kizazi bila maelezo linaongeza mzigo huo. Kiwango kilikuwa chini, kikapanda, kikashuka. Bibi aliyeyaona yote matatu ana haki ya kusubiri la nne.

Majaribio ya kufanya vizuri zaidi yapo. Timu ya daktari Sharon Herring wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, iliwafuata wajawazito Weusi wa kipato cha chini kwa ujumbe wa simu, kundi la mtandaoni na mshauri aliyewapigia mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba asilimia 37 ya waliopata huduma hiyo walizidi kiwango, dhidi ya asilimia 66 ya waliopata huduma ya kawaida. Waliohusika walikuwa 66 tu, kwa hiyo ni jaribio dogo, na hata kati ya waliosaidiwa zaidi ya theluthi moja walizidi. Bado linajibu swali la mtazamo kwa njia ambayo mahojiano hayawezi kulijibu. Wanawake wanaosemwa kwamba hawataki kusikia, walisikia, walipopata mtu anayepiga simu tena wiki iliyofuata.

Ila simu hizo hufanyika wakati wa mimba, na hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa kuliko zote. Kwa miongo mingi mwanamke aliyepata Medicaid kwa sababu ya ujauzito angeweza kuipoteza siku 60 baada ya kujifungua. Fikiria maana yake: kwa miezi tisa taifa lina shauku ya kujua kila kilo ya mwili wake, kisha mtoto akishatoka, kilo zile zile zikibaki, pamoja na shinikizo la damu lililoanza na mimba na sukari iliyotakiwa kupimwa upya, haziko tena katika bima ya mtu yeyote. Mama hahitaji kuwa mwanasiasa kutambua kwamba aliyekuwa akipimwa ni mtoto. Na kama ni mtoto tu anayehesabika, basi kuongeza kilo kwa ajili yake ni jambo la busara, kwa sababu gharama inaangukia mwili ambao hakuna anayeuulizia. Sheria ya Machi 2021 iliruhusu majimbo kurefusha bima hiyo hadi miezi 12, na karibu yote yameshafanya hivyo. Kwa uzito wa wanawake Weusi maskini huenda uamuzi huo wa kibajeti ukafanya kazi kuliko vipeperushi vyote vya lishe, kwa sababu ndio mara ya kwanza mama kuwa mgonjwa mwenye haki zake baada ya kuwa chombo cha kumleta mtoto.

Kliniki nayo inaweza kuanza bila kusubiri bajeti. Ziara ya kwanza, kabla ya mizani kuwa na habari mbaya, daktari au muuguzi amweleze mjamzito kwamba mama yake aliambiwa alenge juu, kwamba walioshauri hivyo walikuwa na sababu, sababu hiyo ni hii, na yaliyogunduliwa baadaye ni haya. Kisha amtajie kiwango cha mwili wake yeye, kwa kilo, na amuulize ni kitu gani nyumbani kwake kitakachofanya kiwango hicho kiwe kigumu kukifuata. Na kama bibi amemsindikiza, asiachwe kwenye viti vya ukumbini. Aingizwe ndani asikie, kwa kuwa yeye ndiye atakayepakua chakula cha jioni, na yeye ndiye mwenye maswali ambayo mjukuu wake hatayauliza.